Bill Deedes: Miaka 76 Kati ya Kalamu na Madaraka

Uingereza haijawahi kupungukiwa na wanasiasa walioanza maisha kwa kalamu. Winston Churchill alilipwa na magazeti kuandika habari za vita kabla hajaingia bungeni, na wahariri waliokula meza moja na mawaziri hawana idadi. Lakini William Francis Deedes, ambaye marafiki na mahasimu wote walimwita Bill, ndiye Mwingereza wa kwanza kukalia viti vyote viwili: kiti cha waziri ndani ya baraza la mawaziri, kisha kiti cha mhariri wa gazeti kubwa la kila siku.

Alianza kazi mwaka 1931 akiwa kijana wa miaka 18 asiye na shahada. Makala yake ya mwisho ilichapwa Agosti 2007, akiwa na miaka 94. Katikati ya hapo alikuwa askari, mbunge, naibu waziri, waziri, mhariri na lodi. Muda wote huo hakuhama chama wala itikadi. Alikuwa mhafidhina wa Kiingereza wa aina ya zamani: mtu wa shamba, kanisa, jeshi na klabu, aliyeamini kuwa jambo lililodumu muda mrefu lisiguswe bila sababu nzito.

Maisha yake yanajibu swali ambalo kila chumba cha habari kinalijua. Mwandishi akisogea karibu na wakubwa, anapata nini, na anaacha nini mlangoni?

Mtoto wa kasri lililouzwa

Deedes alizaliwa tarehe 1 Juni 1913 huko Aldington, katika mkoa wa Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Ukoo wake ulikuwa wa wenye ardhi, na wazee wake kadhaa waliwahi kukaa bungeni. Sehemu ya utoto wake aliipitisha katika kasri la Saltwood, jengo la mawe la Zama za Kati ambalo, kwa simulizi za Waingereza, wauaji wa Askofu Mkuu Thomas Becket walilala humo mwaka 1170 wakiwa njiani kwenda kumuua. Familia ililiuza kasri hilo miaka ya 1920. Kisha soko la hisa la New York likaanguka mwaka 1929 na baba yake akapoteza fedha nyingi. Bill akatolewa katika shule ya Harrow kabla ya wakati, na habari za kwenda Oxford zikaishia hapo.

Ilibidi atafute kazi. Kwa kujuana kwa kifamilia, akapata nafasi katika gazeti la Morning Post, lililokuwepo tangu mwaka 1772. Hilo lilikuwa gazeti la maofisa wa jeshi, makasisi, wajane wa makanali na mabwana wa mashamba. Mhariri wake, H. A. Gwynne, alikuwa amekikalia kiti hicho tangu 1911. Msimamo wa gazeti hilo kuhusu himaya ulikuwa hauna soni. Jenerali Dyer alipoamuru askari wawafyatulie risasi watu waliokusanyika Amritsar, nchini India, Aprili 1919, mamia wakafa, na serikali ya London ikamwondoa jeshini. Morning Post likaanzisha mchango wa kumtunza, na wasomaji wakatoa zaidi ya pauni 26,000. Mwaka 1920 gazeti hilo hilo lilichapa mfululizo wa makala za chuki dhidi ya Wayahudi, uliojengwa juu ya hati ya kughushi. Hapo ndipo Deedes alipofundishwa kazi.

Ila usiku alilala kwingine. Ami yake, Brigedia Wyndham Deedes, aliyewahi kuwa afisa wa juu wa utawala wa Waingereza huko Palestina, aliacha mambo makubwa akaenda kuishi Bethnal Green, mtaa wa walalahoi mashariki mwa London, akiwasaidia majirani zake. Bill alipanga kwake. Mchana akiandikia gazeti la wenye nacho, jioni akipita katikati ya watoto wasio na viatu na baba zao wasio na kazi. Gazeti lilipomtuma kuandika juu ya miji iliyopigwa na ukosefu wa ajira, hakuhitaji kuelezwa njaa ni nini. Hakutoka huko akiwa msoshalisti, lakini alitoka na tabia ya kwenda kuona kwa macho yake kabla ya kuandika.

Mizigo ya robo tani

Mwaka 1935 ilikuwa wazi kuwa Mussolini anaitaka Ethiopia, nchi ambayo Waswahili wengi wa wakati huo waliiita Uhabeshi. Italia ilikuwa na deni la moyoni tangu 1896, jeshi la Mfalme Menelik lilipoisambaratisha huko Adwa. Magazeti ya dunia yakaanza kupeleka watu Addis Ababa. Gwynne akamchagua Deedes, kijana wa miaka 22 asiye na mke wala watoto, ambaye hakuwahi kuona vita wala kukanyaga Afrika.

Maandalizi ya safari yalifanyika katika duka la Austin Reed, mtaa wa Regent. Kwa kuwa hakuna aliyejua vita vitadumu miezi mingapi wala katika hali gani ya hewa, walinunua vya kutosha kila hali. Suti tatu za nchi za joto. Suruali za kupandia farasi, za kiangazi na za baridi. Kofia ngumu za jua. Dawa. Sanduku la mbao za mwerezi lililozungushiwa bati la zinki kwa ndani ili mchwa na siafu wasipenye. Jumla ya mzigo ilikaribia robo tani. Mzigo huo ulivuka bahari mpaka Djibouti, ukapandishwa treni ya Wafaransa, ukapanda nayo mlima taratibu mpaka Addis Ababa.

Wakati kijana huyo akipimiwa suti, katika mji huo huo wa London kulikuwa na Waafrika na watu wa visiwa vya Karibi waliokuwa wakiitazama Ethiopia kwa jicho jingine kabisa. Mwaka huo waliunda chama cha kuitetea, mwenyekiti akiwa C. L. R. James wa Trinidad, na katibu wake akiwa Jomo Kenyatta. Kwao Uhabeshi haikuwa habari ya ukurasa wa mbele. Ilikuwa nchi ya mwisho ya Kiafrika iliyosimama kwa miguu yake, karibu peke yake, na kuanguka kwake kungekuwa msiba wa kila mtu mweusi. 

Addis Ababa ilijaa waandishi zaidi ya mia moja, na karibu wote hawakuwa na cha kuandika. Serikali ya Mfalme Haile Selassie haikuwaruhusu kwenda mbele walikokuwa askari. Simu za maandishi zilipitia mikononi mwa wakaguzi na zililipiwa kwa neno. Kwa hiyo habari zilipikwa hotelini: mkalimani kasikia, dereva kaapa, mfanyabiashara wa Kigiriki kathibitisha. Habari kubwa ya kweli ilipotokea, nayo ni kwamba Francis Rickett, dalali wa Kiingereza, amepewa na Mfalme haki ya kuchimba mafuta katika karibu nusu ya nchi, waandishi wawili tu ndio waliokuwepo kuinasa. Mmoja alikuwa mkongwe Percival Phillips wa Daily Telegraph. Wengine walikuwa safarini au wamelala.

Miongoni mwa waliokuwa safarini alikuwa Evelyn Waugh, mtunzi wa riwaya aliyetumwa na Daily Mail. Waugh hakuficha kuwa anawapenda Waitalia, na hakuficha kuwa anaidharau kazi ya uandishi wa habari. Lakini alimtazama vizuri kijana wa Morning Post na masanduku yake. Miaka mitatu baadaye akatoa riwaya ya *Scoop*, ambamo mwandishi wa makala za wadudu na maua anatumwa vitani kimakosa akiwa na mzigo wa ajabu. Tangu siku hiyo Uingereza nzima ikamwambia Deedes kuwa yeye ndiye William Boot. Alikataa kwa upole kwa miaka karibu 70. Mizigo, alikiri, ilikuwa yake. Ujinga wa Boot haukuwa wake. Mwaka 2003, akiwa na miaka 90, aliandika kitabu kizima juu ya safari hiyo, *At War with Waugh*.

Chini ya kicheko hicho kuna jambo lisilochekesha. Majeshi ya Italia yalivuka mpaka tarehe 3 Oktoba 1935. Kufikia mwisho wa mwaka magazeti mengi ya London yalikuwa yamechoka kulipia hoteli, yakawaita watu wao nyumbani, Deedes akiwamo. Ndege za Waitalia zilipoanza kumwaga gesi ya sumu juu ya wanakijiji na askari pekupeku, macho mengi yalikuwa yameshaondoka. George Steer wa The Times, mzaliwa wa Afrika Kusini, alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki, naye ndiye aliyeandika ya maana kuhusu vita hivyo. Addis Ababa ilianguka tarehe 5 Mei 1936. Deedes alirudi na funzo ambalo angelisahau kwa miaka mingi na kulikumbuka uzeeni: vita haviishi kwa sababu mhariri amechoka navyo.

Jeshini, kisha bungeni

Mwaka 1937 Morning Post, lililokuwa likipoteza wasomaji, liliuzwa kwa Lodi Camrose na kumezwa na Daily Telegraph. Deedes alihamia huko pamoja na meza na viti. Miaka miwili baadaye vita vikuu vikaanza, naye akavaa sare ya kikosi cha King's Royal Rifle Corps. Alipigana kutoka Normandy mpaka Ujerumani. Aprili 1945, vita vikiwa vinakaribia kwisha, kampuni yake ilitumwa kuvuka mfereji wa Twente huko Uholanzi. Askari wake wengi waliuawa hapo. Yeye alipewa nishani ya Military Cross, na katika maisha yake yote hakupenda kuizungumzia.

Baada ya vita alirudi gazetini kuandika safu ya umbea wa mjini iliyoitwa Peterborough. Mwaka 1950 akagombea ubunge wa Ashford, jimbo la nyumbani kwao Kent, kwa tiketi ya chama cha Conservative. Akashinda, na akalishikilia jimbo hilo kwa miaka 24. Katika desturi ya Waingereza wakati huo hakuna aliyeona ajabu mtu kuwa mbunge asubuhi na mwandishi jioni. Mwaka 1954 Churchill akamfanya naibu waziri wa nyumba na serikali za mitaa; mrithi wa Churchill, Eden, akampeleka wizara ya mambo ya ndani. Alikuwa mchapakazi, mcheshi, hana maadui. Sifa hizo humfikisha mtu mbali katika siasa, ingawa si lazima zimfikishe kwenye ukweli.

Tarehe 13 Julai 1962 Waziri Mkuu Harold Macmillan aliwafukuza mawaziri saba kwa mkupuo, karibu theluthi ya baraza lake zima. Katika nafasi zilizoachwa wazi akaingia Deedes, waziri asiye na wizara maalumu, mwenye jukumu la kusimamia habari za serikali. Yaani ripota wa zamani sasa ndiye aliyetakiwa kuwaeleza maripota wenzake kuwa serikali iko imara. Haikuwa imara, na miezi minane baadaye ndipo ilipoonekana.

Usiku wa kuamkia 22 Machi 1963

Kwa wiki kadhaa, London ilikuwa imejaa minong'ono juu ya John Profumo, waziri wa vita. Ilisemekana amekuwa na uhusiano na msichana aitwaye Christine Keeler, na kwamba msichana huyo huyo alikuwa akijuana na Yevgeny Ivanov, ofisa wa jeshi la maji katika ubalozi wa Kisovieti. Magazeti yalijua lakini yaliogopa kushtakiwa. Usiku wa tarehe 21 Machi, mbunge wa Labour, George Wigg, akasimama bungeni na kuutoa uvumi huo hadharani chini ya kinga ya bunge.

Mjadala uliokuwa ukiendelea wakati huo ulihusu nini? Ulihusu waandishi wawili wa habari, Brendan Mulholland na Reginald Foster, waliofungwa jela kwa kukataa kutaja waliowapa habari katika kashfa nyingine ya ujasusi. Katika jengo moja, usiku mmoja, bunge lilijadili waandishi waliofungwa kwa kunyamaza na waziri aliyekuwa karibu kusema uongo.

Viongozi wa chama tawala waliamua jambo hilo lisilale. Profumo aliamshwa nyumbani kwake, akiwa amemeza vidonge vya usingizi, akaletwa bungeni yapata saa tisa alfajiri. Chumbani walikuwemo mawaziri watano: kiranja mkuu wa chama Martin Redmayne, kiongozi wa shughuli za serikali bungeni Iain Macleod, wanasheria wawili wa serikali John Hobson na Peter Rawlinson, na Bill Deedes. Wakili wa Profumo naye alikuwepo. Walimhoji, akakana. Wanasheria wakaandika taarifa, ikapitiwa, ikasahihishwa. Saa tano asubuhi Profumo akaisoma bungeni huku Macmillan akiwa ameketi pembeni yake: hapakuwa na lolote lisilofaa kati yake na Keeler.

Taarifa hiyo ilidumu majuma kumi na moja hivi. Mwanzoni mwa Juni Profumo akakiri kuwa alilidanganya bunge, akajiuzulu. Macmillan mwenyewe aliondoka madarakani Oktoba, kwa sababu za afya, akiwa kiongozi aliyechoka na kuchekwa. Mwaka uliofuata Conservative wakashindwa uchaguzi.

Deedes aliulizwa juu ya usiku huo mpaka uzeeni, na maelezo yake hayakubadilika sana. Profumo alikuwa mwenzao: amesoma shule kama zao, amepigana vita kama wao, ametoa neno lake la kiungwana. Ukimwuliza mtu wa namna hiyo mara mbili ni kumtukana. Basi hawakuuliza mara mbili.

Utetezi huo una ukweli wake, lakini ndio unaohukumu. Kijana wa mwaka 1935 alijifunza hotelini Addis Ababa kuwa kila anayekuja na kauli safi ana sababu ya kuisafisha. Waziri wa mwaka 1963 alikaa hatua chache kutoka kwa mhusika mkuu wa habari kubwa kuliko zote za muongo huo, akiwa na uzoefu wa kazi ya kuuliza kuliko wote waliokuwemo chumbani, naye akasaidia kuipitisha kauli ya uongo. Hakudanganya yeye. Alichokosa ni hamu ya kujua, kwa sababu jibu lingemuumiza mwenzake na chama chake.

Baada ya 1964 alirudi viti vya nyuma. Kuanzia 1970 aliongoza kamati ya bunge iliyoshughulikia uhusiano wa rangi na uhamiaji. Katikati ya kipindi hicho, Agosti 1972, Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka, na takriban 28,000 wakaingia Uingereza, huku sehemu kubwa ya wanachama wa kawaida wa Conservative ikinung'unika. Mwaka 1974 Deedes aliachia ubunge.

Mhariri mwenye nusu ya gazeti

Mwaka huo huo Lodi Hartwell, mwana wa Camrose na mwenye mali, akampa uhariri wa Daily Telegraph. Gazeti lilikuwa likiuza zaidi ya nakala milioni moja kwa siku, mbali na uwezo wa washindani wake wa daraja hilo. Nje ilionekana amepewa himaya, lakini ndani alipewa nusu yake. Kwa mpangilio wa ajabu wa nyumba hiyo, kurasa za habari zilisimamiwa na mhariri mtendaji, Peter Eastwood, aliyeripoti moja kwa moja kwa Hartwell. Mhariri alikuwa bwana wa ukurasa wa tahariri na makala tu. Asubuhi angeweza kukuta katika ukurasa wa kwanza wa gazeti lake habari ambayo hakujua imeandikwa.

Mtu mwingine angegoma. Deedes aliukubali mpangilio huo kwa miaka 12. Ukurasa wake ulimuunga mkono Margaret Thatcher tangu alipokiteka chama mwaka 1975 mpaka ndani ya Downing Street mwaka 1979. Ulipigania kodi ndogo, ulivipinga vyama vya wafanyakazi, na ulikuwa upande wa waliokataa vikwazo vya kiuchumi dhidi ya Afrika Kusini ya makaburu. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba vikwazo vingemuumiza mtu mweusi kwanza. Viongozi wengi wa Waafrika weusi wa nchi hiyo walikuwa wakisema kinyume chake.

Ukaribu wake na nyumba ya Thatcher ukawa mzaha wa taifa. Mume wa waziri mkuu, Denis, alikuwa mwenzake katika gofu. Jarida la dhihaka la Private Eye likaanza kuchapa barua za kubuni ambazo Denis anamwandikia rafiki yake Bill, akilalamika juu ya mke na kusifia vinywaji. Jarida hilo hilo liliiga hata matamshi yake, maana Deedes alikuwa akitamka *s* kama *sh*. Alivumilia yote kwa tabasamu, na kumbukumbu zake za maisha, zilizotoka 1997, akazipa jina la safu hiyo hiyo.

Lakini mzaha ulikuwa na ncha. Ni vigumu kuitaja habari moja kubwa ambayo Daily Telegraph la Deedes liliifichua na kuifanya serikali ya Thatcher ikose usingizi. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, wanasema wahenga, na gazeti lililojuana vile na wakubwa lilijua pa kuuma taratibu.

Hatima ya uhariri wa Deedes haikutokana na siasa bali na mitambo. Hartwell aliamua kujenga viwanda vipya vya uchapaji London na Manchester bila kuwa na mtaji wa kutosha. Mwaka 1985 akalazimika kumkaribisha mfanyabiashara wa Kanada, Conrad Black, aliyeingia kwa kununua asilimia 14 ya hisa kwa pauni milioni 10. Kabla ya mwaka kwisha, mgeni alikuwa ndiye mwenyeji. Mwanzoni mwa 1986 Max Hastings akachukua uhariri, na Deedes, akielekea miaka 73, akapewa ulodi na njia ya kwenda kupumzika.

Mzee anarudi njiani

Hakupumzika. Hastings alimbakiza kama mwandishi wa safu, na mzee akaomba kitu ambacho wahariri wastaafu hawaombi: safari. Kwa miaka 20 iliyofuata alikwenda kulikokuwa na njaa, wakimbizi na mabomu yaliyotegwa ardhini. Angola, Bosnia, Ethiopia, Sudan. Alilala kwenye mahema ya mashirika ya misaada, akaandika kwa sentensi fupi zilizo wazi, na kwa kawaida alimpa nafasi ya kusema mtu ambaye hakuwa na msemaji.

Suala la mabomu ya ardhini ndilo lililoonyesha mabadiliko. Serikali ya Conservative ilikuwa haijakubali marufuku kamili, na Januari 1997, Binti Mfalme Diana alipotembea katikati ya mabomu ya Angola akiitaka dunia iyapige marufuku, kuna kiongozi wa wizara ya ulinzi aliyembeza. Deedes, mwanachama wa miaka karibu 50, alisimama na Diana. Alikuwa ameandika juu ya silaha hizo kwa miaka kadhaa, ameona watoto waliokatwa miguu wakiwa wanachota maji, na hapakuwa tena na kiranja wa chama wa kumnyamazisha. Agosti 1997 alisafiri naye Bosnia. Anasimulia jinsi Diana alivyoketi na wajane na vilema akiwasikiliza bila haraka, hata pale ambapo hawakuwa na lugha moja. Wiki tatu baadaye Diana alikufa Paris. Desemba mwaka huo nchi zaidi ya 120 zilitia saini mkataba wa Ottawa wa kupiga marufuku mabomu hayo.

Mwaka 1999 alipewa daraja la uungwana la malkia. Mwanzoni mwa 2001, akiwa na miaka 87, alikwenda Gujarat, India, kulikotokea tetemeko la ardhi, na safari hiyo ikamletea kiharusi kidogo. Alipopata nafuu aliendelea. Akiwa amevuka miaka 90 alifika Sudan kutazama yaliyotokana na vita vya Darfur, na ndiyo aliyoyaandika katika makala yake ya mwisho, iliyochapwa tarehe 3 Agosti 2007. Ndani yake aliifananisha hali ya Darfur na Ujerumani ya Wanazi, kauli nzito kutoka kwa mtu aliyepigana na Wanazi kwa mkono wake. Tarehe 17 Agosti akafariki nyumbani kwake Aldington, kijiji alichozaliwa.

Wasifu wa rambirambi ulimsifu kwa yote: waziri, mhariri, lodi, shujaa wa vita. Ukivipanga vipindi vya maisha yake na kuuliza msomaji alinufaika na nini, hesabu inatoka tofauti. Miaka ya uwaziri ilimpa msomaji kauli ya Profumo. Miaka ya uhariri ilimpa tahariri zilizokubaliana na walio madarakani. Kilichobaki na thamani ni cha miaka ya mwanzo na ya mwisho, alipokuwa hana cheo cha kulinda, wala rafiki wa kumsitiri. Na hakulazimika kubadili itikadi ili aandike vizuri. Alikufa mhafidhina vilevile. Kilichobadilika ni umbali wake na meza ya wakubwa.

Kwa hiyo msomaji asimpime mwandishi kwa chama anachokipenda, maana kila mtu ana chama chake moyoni. Ampime kwa swali alilouliza pale jibu lilipokuwa likimgusa rafiki yake.